Jogoo wa Barua ya Jumbe

Tusekile, mama yangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema mimi ni mzima, sijui hali yako wewe. Hali yako naijua. Uko juu, ghorofa ya tatu, umelikalia sanduku ili zipu ifunge, na mama yako anakwambia usilikalie, litapasuka, kisha analikalia yeye. Mimi niko huku chini kwenye chumba cha kufulia. Nimezileta nguo zako za mwisho, mashine inazunguka, na kwa kuwa ni Jumamosi mchana watu wote wa jengo hili wamekumbuka kwamba wana nguo chafu. Kuna mama mmoja wa El Salvador ananitazama kwa jicho baya kwa sababu nimeigeuza meza ya kukunjia nguo kuwa dawati. Nimempa tabasamu na ninaendelea kuandika.

Utashangaa. Baba unayeishi naye nyumba moja anakuandikia barua ya nini? Sababu ni kwamba tangu juzi Alhamisi unaniamkia kama unavyomwamkia karani wa benki. "Shikamoo baba," halafu mlango. Na kesho saa nne asubuhi ndege yako inaruka. Sitaki ufike kwa watu na kinyongo moyoni kwa sababu baba yako alikucheka mezani.

Habari za mwavuli, za dawa ya tumbo na za kupiga simu kila Jumapili hutazisoma hapa. Hayo mama yako ameyaandika kwenye karatasi ya njano na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku kwa plasta ya hospitali. Sanduku hilo likipotea likaokotwa na mtu mwingine, basi naye atajua ale nini na asilale na nywele mbichi. Mimi nina jambo moja tu: kukueleza nilichokicheka.

Ulizitandaza karatasi zako kati ya bakuli la maharage na chupa ya chai, na mimi nilikuwa nimejaa fahari mpaka kola inanibana. Nilishawapigia simu hata watu ambao sisemi nao. Niliwaambia: jamani, kuna kisiwa kule bahari ya Karibi ambacho hata leo, mwaka huu wa tisini na nane, bado ni koloni, kina gavana aliyeletwa kwa ndege na bendera ya watu wengine. Rushwa imekizidi. Bandarini rushwa, vibali vya kujenga rushwa, hata kupimiwa kiwanja rushwa. Sasa wameamua kuunda ofisi huru ya kupambana nayo, isiyokuwa chini ya polisi wala chini ya waziri yeyote. Na kati ya wanaokwenda kuianzisha yumo Tusekile wetu, yule yule aliyesoma sheria huku akifanya kazi Falls Church, hapa hapa Amerika, na kulia njia nzima kwenye foleni ya magari ya barabara ya Beltway. Simu moja nilipiga mara mbili kwa makosa, nikajifanya nimekusudia.

Ukaniambia kazi uliyopewa ni mlango: mwananchi aingieje na malalamiko yake. Ukanipa fomu uliyoiandaa. Nikavaa miwani ya mama yako, nikasoma kipengele cha kwanza, cha pili, vizuri kabisa, mpaka nikafika cha saba. Mlalamikaji aambatanishe uthibitisho wa mtu anayetambulika katika eneo lake, kama vile ofisa wa serikali.

Ala! Chai ikanitokea puani. Mama yako akawa ananipiga mgongoni, nami nacheka, nakohoa, nacheka tena. Ukaniambia, kwa Kiingereza chako kile cha mahakamani, kwamba hiki si kichekesho, hii ni kazi yako. Kwamba kisiwa ni kidogo, kila mtu ana ugomvi na jirani yake, na wenyeji wenyewe ndio waliokwambia kwamba bila kipengele hicho mtapokea uzushi mtupu. Ukakusanya karatasi ukaenda zako chumbani. Hata maharage hukumaliza, na yalikuwa ya nazi.

Mwanangu, sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu kipengele hicho nakijua. Nilikitunga mimi, miaka mingi kabla hujazaliwa, na sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza, na mimi nilikuwa karani mkalimani kwenye Boma la wilaya yetu, ndiyo ofisi ya serikali. Ungeniona ungecheka wewe. Kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate, soksi mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni na moja haina wino. Nilipenda utaratibu kuliko chakula. Nilipenda mihuri, nilipenda faili lililofungwa kwa kamba nyekundu, nilipenda kumwambia mtu mzima, "Subiri nje, Bwana ana kazi," hata pale Bwana alipokuwa anapiga miayo.

Siku moja akaja mzungu kutoka Dar es Salaam, kijana bado, pua imebabuka kwa jua. Watu walimwita Bwana Maswali, kwa sababu alikuwa akikuuliza jambo anasubiri jibu kweli, na hilo hatukulizoea. Alisema serikali imesikia kwamba majumbe, yaani wale viongozi wa vijiji waliokuwa chini ya serikali, wanakula rushwa kupita kiasi. Ukitaka shamba, mkono mtupu haulambwi. Ukitaka kesi yako isikilizwe, mbuzi atangulie. Kwa hiyo itaanzishwa ofisi ya kupokea malalamiko, na ofisi hiyo itakuwa huru. Haitakuwa chini ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, wala chini ya polisi. Hata ndani ya Boma alikataa kukaa. Alipanga chumba karibu na soko, kilichokuwa duka la vitambaa, ili watu wasiogope kuingia.

Namsema vizuri mpaka leo. Nia yake ilikuwa safi. Alinichagua mimi niwe karani wake, nikahamisha kalamu zangu zote mbili.

Siku ya pili, tunapanga meza, akaniuliza: "Watu wa hapa wanapotaka kuonana na serikali, hufuata njia gani?"

Mama yangu wee! Katika maisha yangu yote hakuna mzungu aliyewahi kuniuliza sisi hufanyaje. Nilisimama wima. Nikamwambia, "Bwana, hapa kwetu mtu haji ofisini hivi hivi kama mbuzi aliyekata kamba. Huja na barua ya jumbe wake, yenye muhuri, ya kumtambulisha."

Akauliza, "Ndiyo desturi?"

Nikasema, "Ndiyo desturi, Bwana."

Akaandika kwenye daftari lake. Kesho yake akanipa ubao na rangi nyeupe, nikaandika kwa mkono wangu: KILA MLALAMIKAJI AJE NA BARUA YA JUMBE WAKE. Herufi zilinyooka, haki ya Mungu. Nilikuwa naenda ng'ambo ya barabara nausoma kutoka mbali, narudi, naenda tena. Muuza karanga aliyekuwa pale akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Umeona lakini? Ofisi ya kuwashtaki majumbe, na huwezi kuingia bila barua ya jumbe. Wahenga walisema kesi ya ngedere hakimu nyani. Sisi tulimpa nyani hata muhuri. Na kati yetu wawili, mmoja amesoma huko kwao mpaka akachoka, mwingine amemaliza darasa la nane kwa alama za juu, hakuna aliyeliona. Bwana Maswali hakuliona kwa sababu niliita desturi, naye alikuwa mtu wa kuheshimu desturi za watu. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimelizoea tangu nizaliwe. Wewe wenyeji wamekwambia ndivyo ifanyikavyo kisiwani, nawe kwa adabu yako ukaandika. Hapo ndipo chai iliponipitia puani.

Basi tukafungua. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Bwana Maswali akawa anachonga penseli mpaka zikabaki vijiti vya kuchokolea meno. Halafu wakaanza kuja wachache, kila mmoja na barua yake safi yenye muhuri, na wote walikuwa watu wa majumbe wenyewe. Huyu ametumwa amshtaki mwalimu anayesema sana kwenye mikutano. Yule ametumwa amshtaki ndugu yake jumbe anayekitaka cheo cha ujumbe. Kumshtaki jumbe hakuna. Wengine walikuja kusifu tu. Bwana Maswali akaandikia wakubwa Dar es Salaam kwamba katika wilaya hii rushwa ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa na wananchi wameridhika. Mimi ndiye niliyepeleka bahasha posta, nikiwa napiga mluzi.

Halafu, katikati ya mvua, akaja mama mmoja.

Alitoka mabondeni kwenye mpunga, mwendo wa siku nzima, matope yamemfika magotini, kaniki imemgandama mwilini. Alianza kusema kabla hajavuka kizingiti. Mumewe amekufa. Jumbe amelichukua shamba la mpunga na kumpa mtu mwingine, na anasema mjane akitaka kurudishiwa ampelekee ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hana, na watoto wanne wanakula nini? Nikainua mkono, hivi, kama polisi wa barabarani. "Mama, barua ya jumbe wako iko wapi?"

Akaniangalia usoni kuona kama natania. Kisha akacheka. Alicheka akashika mwimo wa mlango. "Mwanangu," akasema, "yaani niende kwa fisi nikamwambie, Bwana Fisi, niandikie barua nikakushtaki?"

Muuza karanga naye akacheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyekwishazipanga kalamu zake hachekwi na mtu mwenye matope. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Benchi lilikuwepo pale pale mlangoni, lakini lilikuwa la wale ambao karatasi zao zimekamilika, kwa hiyo sikumwambia akae. Akajifunga kaniki yake upya akarudi na mvua ile ile.

Baada ya wiki mbili nikamwona anakuja tena, na safari hii mkono ameunyanyua juu. Ameshika barua! Nilifurahi, nakwambia ukweli, nilifurahi kwa moyo wangu wote. Nikasema, umeona mama, mambo ni utaratibu. Nikaifungua. Ilikuwa mistari miwili. "Mleta barua hii amechanganyikiwa tangu afiwe na mumewe. Mrudisheni nyumbani kwa upole." Na muhuri chini, wa duara, umekaa vizuri kabisa.

Alikuwa hajui kusoma. Alinitazama kama mtoto aliyeleta cheti cha shule. "Imekamilika?" akaniuliza. "Maana nimeilipia jogoo."

Nikamwuliza jogoo gani. Akanishangaa. "Hujui? Barua ya kuja kwenu ni jogoo mmoja. Mtu wa mbali hupunguziwa, hutoa tetea."

Loo! Nilihisi benchi lote linazunguka, na wala sikuwa nimelikalia. Kumbe kule vijijini kila mtu analijua hilo, lina hata jina lake, jogoo wa barua. Kabla hatujafungua ofisi yetu rushwa hiyo haikuwepo. Sisi ndio tulioizaa. Majumbe walikuwa wanakula kuku kwa sababu ya ubao wangu wenye herufi zilizonyooka.

Nimelicheka jambo hilo peke yangu miaka arobaini, Tusekile, njiani, kazini, hata kanisani. Na kila nikicheka nafika mahali naacha. Mahali penyewe ni hapa. Bwana Maswali alikuwa chumba cha ndani, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama. Pazia tu lilitutenganisha, namsikia anageuza karatasi. Ningeweza kulifunua pazia nikasema, Bwana, msikilize huyu mama. Lakini ningelazimika kueleza barua hii, kisha ningelazimika kueleza ubao, kisha angeniuliza, si ulisema ni desturi? Niliogopa kuonekana mjinga. Sikuogopa kufukuzwa, maana yule bwana asingenifukuza. Niliogopa aibu ya dakika tano.

Kwa hiyo nikamwambia yule mama, kwa upole, kama jumbe alivyoagiza, "Nenda nyumbani mama. Tutakuita."

Akanishukuru. Alipiga goti kidogo akanishukuru, akaenda.

Wiki ile ile nilijikaza nikamwambia Bwana Maswali kwamba nahisi watu wanaogopa. Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa ile subira yake. "Kuna tatizo na utaratibu wetu?" akaniuliza. Alikuwa anasubiri jibu kweli. Nikajibu, "Hapana, Bwana." Kabla ya mwaka kwisha ofisi ikafungwa kwa kukosa kazi. Yeye akapandishwa cheo, mimi nikapewa barua ya sifa. Ninayo bado, iko kwenye ule mkoba wa vyeti, chini ya kadi zako za chanjo. Kila ukizihitaji zile kadi mimi ndiye ninayekimbilia kuzitafuta, nadhani umeshaona.

Hutaniona nikikulaumu kwa kipengele cha saba. Wala usidhani nilipofika Amerika nilikuwa nimeerevuka. Unaikumbuka kamati huru ya pilau? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikuwa unanionea haya tu kwa kuwa hai, labda hukufuatilia. Kwenye kale kanisa ketu ka Takoma Park watu walilalamika kwamba kila baada ya ibada nyama inaishia meza ya wazee na kina mama wanaopika wanabakiwa na wali wenye harufu ya nyama. Nikasimama, mtaalamu, nikasema tuunde kamati huru ya kupakua, isiyo chini ya wazee wala chini ya wapishi. Watu wakapiga makofi. Nikachaguliwa mwenyekiti. Jumapili ya kwanza nikashauri kwamba kamati ni lazima ionje kwanza, ili kuhakikisha chumvi. Tulikuwa watu wanne. Tukaonja. Jumapili ya pili tukaonja tumekaa. Jumapili ya tatu tukaonja na kachumbari.

Mama Wanjiru, jirani yetu yule Mkenya, alisimama katikati ya ukumbi na sahani yake tupu, akasema watu wote wakamsikia: "Kwani hii kamati ni ya kuonja ama ni ya kumaliza? Si mtuambie tu tubebe chakula kutoka nyumbani!" Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Mchungaji alilazimika kushika meza. Nami nikacheka na paja la kuku mkononi, mafuta yananitiririka kwenye kiwiko. Siku hiyo hiyo kamati ikavunjwa, tukaanza utaratibu wa watoto kwanza na wazee mwisho, na ndio mpaka leo, ingawa mapaja siyapati tena na bado naumia.

Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza jambo moja. Mama Wanjiru hakuwa na barua ya mtu. Hakuulizwa anatambulika na nani. Alikuwa na njaa na sauti, basi, na aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Na ndiyo, mwaka ule ule alimsingizia mhazini wa kwaya kwamba amemwibia mwavuli, na mwavuli ukapatikana chini ya kiti chake mwenyewe. Uzushi upo. Ulisema kweli, mtaupokea mwingi. Nadhani ni kazi yenu kuuchambua ndani, mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu vizuri, msimpe kazi hiyo mtu aliyesimama nje kwenye mvua. Lakini sheria umesoma wewe. Mimi nimeonja pilau tu.

Nilikuwa nimefika hapa, mashine imesimama, nguo zako ziko kwenye kikaushio, nikawa natafuta namna ya kukuomba kitu kimoja bila kukuamuru. Nilitaka kukuomba kwamba siku ya kwanza, kabla hujakikalia kiti chako, utoke nje uingie ofisini mwako kama mwenye shida, ujione unafika wapi. Nikasikia ndala zako kwenye ngazi.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Niache tu niyaandike kwa upande wangu.

Ulikuja kutafuta ile sketi nyeusi, fomu zako umezibana kwapani. Ukaona karatasi zangu, ukauliza naandika nini, na mimi badala ya kukupa usome nikaanza kukusimulia, nikasahau kabisa kwamba nimekwisha kuandika yote. Ulipanda juu ya mashine ukakaa miguu inaning'inia kama ulipokuwa mdogo. Kwenye jogoo ulicheka mpaka ukajiegemeza ukutani, na mimi moyo wangu ukapona, nikasema ahaa, nimesamehewa. Kisha nikakusimulia pazia. Hapo hukucheka.

Uliuliza, "Alipata shamba lake?"

Nikasema sijui. Sikuwahi kwenda kuuliza. Mabondeni kulikuwa na mwendo wa siku moja tu.

Uliuliza, "Jina lake nani?"

Nikasema sijui. Jina la jumbe nalijua, la mzungu nalijua, hata muuza karanga namjua kwa jina na ukoo. Yule mama hakuandikwa popote, kwa sababu karatasi zake hazikukamilika.

Ukashuka kwenye mashine. Nilidhani unakwenda zako, na ningekuelewa. Ukavuta kile kiti cha plastiki chenye ufa, ukakiweka mbele ya meza, ukanisogezea pembeni nguo zilizokwisha kukauka, ukageuza moja ya fomu zako upande usioandikwa. Kisha ukasema, na kwa Kiswahili, wewe ambaye tangu darasa la tatu nikikuuliza kwa Kiswahili wanijibu kwa Kiingereza: "Baba, nenda mlangoni. Wewe ni yule mama. Mimi ni ofisi."

Nilikwenda mlangoni nikiwa nacheka. Nilipanga kukuchekesha. Nilitaka kujifunga taulo lako kama kaniki, niibane sauti, nije nikilalamika kwa mbwembwe. Nikageuka, nikaona umesimama. Ulikuwa umesimama kwa ajili yangu.

"Karibu mama," ukasema. "Karibu ukae. Umetoka mbali?"

Nikakaa. Mbwembwe zote zikanitoka. Nikakwambia nimetoka mabondeni, nimetembea tangu alfajiri. Nikakwambia mume wangu amekufa na nina watoto wanne. Nikakwambia habari za shamba na za ng'ombe. Hukuniuliza barua. Uliandika polepole, na neno usilolijua uliniuliza maana yake. Machozi yakawa yananitoka na wala sikuyafuta, nami nilikuwa na taulo mkononi.

Ukaniuliza, "Kuna mwingine unayemlalamikia, mama, au ni jumbe peke yake?"

Nikasema yupo. Nikasema kuna karani pale mlangoni, kijana mwenye soksi ndefu, alinisimamisha mara mbili, na alijua.

Uliandika na hayo. Ukaniuliza, "Jina la karani?"

Nikakutajia. Ambakisye, mtoto wa Kasebele. Nikakutamkia herufi moja moja mpaka ukalimaliza kuliandika.

Ni mimi, niliyetajwa hapo juu,
baba yako.